Hermani na Wivu wa Kugombezwa

Pale Katesh, ukilipita soko la mboga ukashika njia ya kituo cha mafuta, kuna chumba kimoja cha kupanga chenye meza mbili. Meza ya dirishani ni ya Hermani. Meza ya karibu na mlango, ile ambayo upepo wa mlimani ukishuka vumbi lote linatua juu yake, ni ya Judith. Juu ya mlango kuna ubao ulioandikwa kwa rangi ya bluu: USHAURI WA FEDHA KWA MKULIMA NA MFUGAJI. Watu walipouona mara ya kwanza walicheka sana. Wakasema, kumbe siku hizi hata pesa inaumwa, inapelekwa kwa mganga.

Lakini walicheka huku wanaingia. Mmoja ameuza vitunguu swaumu na pesa inamwasha mfukoni, anaogopa ataimaliza kabla ya mvua. Mwingine benki imemwambia atapewa mkopo, hajui auchukue au aukimbie. Mwingine watoto wanaingia sekondari na ng'ombe wamekonda, auze sasa au asubiri wanenepe? Hermani alikuwa anawasikiliza wote kwa upole, kichwa kimeinama upande kidogo, kisha anawaambia la kufanya. Wanamlipa kidogo kidogo kwa mwaka, basi maisha yanaenda.

Huyu Hermani ni mtu wa Tlawi kwa kuzaliwa, kule juu kwenye baridi. Alikuwa mhasibu wa ushirika wa wakulima mpaka ushirika ukafa, akashuka Katesh na mke wake Evaline na kofia yake ya sufu. Ni mtu asiye na makuu. Ukimkosea, anakaa kimya, anameza. Katika mambo yote ya dunia kitu kimoja tu kilikuwa kinampa majivuno, nacho ni kwamba anajua kuingia kwa watu. Nyumba yoyote, ya mkulima wa milimani au ya mfugaji wa bondeni, yeye anajua avue kofia wapi, amsalimie nani kwanza, akae wapi, apokee kibuyu kwa mkono gani. Akitoka, wenye nyumba wanamsindikiza mpaka njiani.

Na Judith ni mtu ambaye Hermani alimfundisha mwenyewe. Alikuja binti mdogo kutoka Dongobesh na cheti chake kwenye bahasha, hajui hata kumwambia mzee habari ya benki bila mzee kusinzia. Hermani akamfundisha. Sasa Judith ana meza yake na wateja wake, na mpaka leo anamwita Hermani mwalimu. Zamani jina hilo lilikuwa linampendeza Hermani kama chai ya asubuhi. Siku za karibuni likaanza kumkwaruza, kwa maana simu ya mwanafunzi ilikuwa inaita kuliko simu ya mwalimu.

Siku moja Judith akasema, "Mwalimu, mimi nimewaza jambo. Tuwaulize wateja wetu."

"Tuwaulize nini?"

"Wanatuonaje. Watupe mrejesho. Kila mtu awazungukie wa kwake, aulize wapi tunafanya vizuri na wapi tunawakera. Sisi tunashauri tu mwaka mzima, hatujui kama ushauri unawashuka tumboni au unawakwama kooni."

Hermani akachezea kofia yake. Moyoni alishafurahi, maana alijua atakachovuna. "Wazo zuri," akasema. "Na tukimaliza tuje tuambiane hapa hapa, waziwazi. Bila kufichana."

"Bila kufichana, mwalimu."

Basi Hermani akatia mafuta kwenye pikipiki yake, akapanda kwanza Tlawi kwa Bernadina, mjane mmoja mwenye shamba zuri la maharage na vitunguu swaumu. Bernadina akamkaribisha ndani, akamwekea ugali na mboga za majani na maziwa, akamkalisha kwenye kiti chenye mto. Hermani akala. Alipomaliza tonge la pili akauliza, "Dada Bernadina, nimekuja kukuuliza. Ushauri wangu unauonaje?"

"Mzuri tu, kaka."

"Hakuna hata jambo moja linalokukwaza?"

"Linikwaze nini, kaka? Kula mboga hiyo, itapoa."

Akaondoka kwa Bernadina amefungiwa kuku kwenye kapu.

Halafu akashuka mpaka Getanuwas, kwa mzee Gidahosh. Huyu ndiye alikuwa mteja wake wa kwanza tangu ubao ule uandikwe, na ndiye mkubwa kuliko wote. Ng'ombe wake wakitoka asubuhi vumbi lao unaliona ukiwa mbali. Na boma la Gidahosh lina mbwa. Si mbwa wa kuchezea. Ni wale wa kufukuza fisi, wenye makovu usoni. Hermani hakuwa na shida nao. Alizima pikipiki, akatembea taratibu, akawaita kwa majina, mbwa wakalala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe umerudi kwako," akasema Gidahosh. "Kaa."

Mke mkubwa wa Gidahosh, ambaye wote wanamwita Mama Mary, akaleta maziwa kwenye kibuyu, yananukia moshi vizuri. Hermani akanywa, akafuta mdomo, akayasifu kama kawaida yake. "Maziwa ya Mama Mary hayana mwenzake Hanang yote." Mama Mary alisimama mlangoni amemkazia macho. Hermani akasema moyoni, mama huyu ananiheshimu sana.

Kisha akauliza swali lake. Alikuwa na sababu ya kujiamini. Kabla ya kiangazi kilichopita ni yeye aliyemshauri Gidahosh auze baadhi ya ng'ombe, pesa iingie benki, wanaobaki wapate malisho ya kutosha. Kiangazi kilikuja kibaya, majirani wakachuna ngozi za mizoga, ng'ombe wa Gidahosh wakapona.

"Ushauri wako ni mzuri," Gidahosh akasema. "Wewe ni mtu wetu."

"Hakuna neno lolote, baba?"

"Hakuna. Ongeza maziwa."

Akarudi Katesh anapiga mluzi juu ya pikipiki.

Siku ya kuambiana ilipofika, Hermani akaanza yeye. Akasema wote wamemsifu, mmoja mmoja akamtaja na alichomlisha. Judith akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa aibu.

"Mimi wamenivua nguo, mwalimu. Mmoja kasema ninaongea mbio kama nimeiba. Mwingine kasema nampigia simu saa ya kukamua, mikono yake ina maziwa, simu imeshaanguka kwenye ndoo kwa ajili yangu. Mzee mmoja wa Basotu ameniambia nilivyomweleza bima ya mazao yeye amelala, ameamka, mimi bado sijafika kwenye mazao."

Hermani akacheka mpaka akatoa kofia. "Pole, mwanangu. Utajifunza tu. Kazi hii ni ya kuingia kwa watu. Wewe tatizo lako unaogopa mbwa."

Na kweli Judith anaogopa mbwa. Boma lenye mbwa hashuki kwenye bodaboda. Anasimama nje kule, anaita kwa sauti kama anauza chumvi. Hermani alikuwa anawasimulia watu jambo hilo na kuwachekesha nalo.

Jioni hiyo yule kuku wa Bernadina aliliwa kwa furaha.

Sasa ilikuwa baada ya majuma machache tu, Bernadina mwenyewe akaingia ofisini. Hermani akainuka haraka, akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa mkono.

"Karibu dada, karibu! Habari za Tlawi?"

"Nzuri, kaka. Asante. Leo nina neno dogo na Judith."

Akaketi meza ya mlangoni. Mwanzo aliongea chini chini. Hermani akafungua kompyuta yake, akaitazama kama anasoma, na masikio yote mawili yako mlangoni. Kidogo kidogo sauti ya Bernadina ikapanda.

"Mimi nilisema nataka pesa ya kulimia mwezi wa kulima! Mnanifungia pesa kama mbuzi kwenye kamba, mvua inanyesha, mimi naitazama kwenye karatasi! Jirani ameshapanda, mimi nahesabu riba! Riba inapalilia?"

"Pole, dada," Judith akasema. "Tutaitoa tuipange upya."

"Si pole. Fanya!"

Hermani alihisi masikio yanawaka moto. Ushauri ule wa kufungia pesa ulikuwa wake. Ni yeye aliyeutoa, kwenye kile kile kiti chenye mto. Mbona kwake Bernadina alisema mzuri tu, kula mboga? Bernadina alipotoka alimuaga Hermani kwa heshima zote, kaka, msalimie wifi, akaenda zake. Hermani akabaki anamwangalia Judith. Akaona Judith amevaa viatu vipya. Akaona kumbe na kiti cha Judith kiko kwenye mwanga mzuri kuliko chake. Mambo ambayo hakuwahi kuyaona.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Simu ya Judith ikilia, yeye anaitazama ya kwake. Mteja akisimama mlangoni, Hermani anasubiri kwanza aone miguu inaelekea wapi. Ikielekea meza ya mlangoni, anakohoa. Kulikuwa na siku aliwahi asubuhi na mapema, akahamisha meza yake kidogo ijongee mlango, ili mtu akiingia akutane naye kwanza. Judith alipofika akaangalia, akasema tu, "Mwalimu, hapo vumbi litakuua." Na kweli vumbi likamkohoza siku nzima, akairudisha.

Mwisho uvumilivu ukamshinda. "Judith, umewaambia nini wateja wangu?"

"Sijawaambia kitu, mwalimu."

"Mbona wanakuja kwako?"

"Hata mimi sijui. Wananigombeza tu."

Jibu hilo lilimuuma kuliko tusi.

Lakini lililomvunja ni lile la mchana mmoja. Judith alikuwa anakula chapati, vidole vina mafuta, simu yake ikaingia ujumbe wa sauti. Akaugusa kwa kiwiko ili ausikilize, na sauti ikajaa chumba chote.

"Wewe Judith! Wewe mtoto wa Dongobesh, huna masikio? Nimekwambia usinipigie asubuhi ng'ombe wakitoka zizini! Ng'ombe mmoja ameingia kwenye mahindi ya watu kwa sababu ya simu yako! Halafu kila nikikuuliza, unasema nitaangalia, nitaangalia. Wewe ni darubini? Mimi nataka jibu, sitaki kuangaliwa! Nakupa mpaka kesho. Ukinyamaza, nakuja hapo Katesh na fimbo. Haya. Salimia watu."

Hermani aliijua sauti ile kama anavyoijua sauti ya baba yake marehemu. Lakini hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo, imejaa, imechangamka, inapanda na kushuka kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Kwake sauti hiyo siku zote ilikuwa inakuja ndogo, nyembamba, ya kusema wewe ni mtu wetu.

"Huyo ni Gidahosh," akasema.

Judith akaweka chapati chini. "Ndiye."

"Gidahosh wangu?"

"Nilitaka kukuambia, mwalimu, nikaogopa. Amesema kuanzia msimu huu anataka nimshike mimi. Nikamwambia haiwezekani mpaka aongee na wewe kwanza. Akasema na wewe hawezi."

"Hawezi nini?"

"Hapo akakata simu."

Hermani akavaa kofia, akatoka, akaenda nyumbani kabla ya saa yake. Evaline alikuwa anachambua mchele uani. Akamwangalia mume wake alivyokaa, akajua.

"Baba Isidori, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Gidahosh ananiacha. Anakwenda kwa Judith."

"Pole. Kakwambia umemkosea nini?"

"Ndiyo hiyo! Mimi haniambii kitu. Anamgombeza Judith! Ungesikia, Mama Isidori, anamgombeza vizuri, kwa moyo wote, mpaka na fimbo ameitaja. Mimi miaka yote hiyo hajawahi kunipandishia hata sauti."

Evaline akaacha mchele. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo una wivu wa kugombezwa?"

"Si wivu."

"Ni nini?"

"Ni... ni heshima yangu."

Evaline akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nimeolewa na mtu gani jamani! Basi nikugombeze mimi, upoe. Baba Isidori! Viatu vyako vinanuka, na paa la jiko linavuja tangu mwaka jana!"

"Wewe ni mke wangu. Wewe haihesabiki."

"Na hilo paa?"

Hermani akaangalia upande. Hakuwa anawaza sana ada ambayo Gidahosh anamlipa, ingawa nayo ilikuwa nzuri. Alikuwa anawaza kwamba kuna chumba ndani ya yule mzee ambamo Judith ameingia na yeye hajawahi kukaribishwa. Yeye, mtu anayejua kuingia kwa watu! Na ameingia mtu anayeogopa mbwa.

Asubuhi akaenda Getanuwas.

Mbwa walimpokea kwa mikia. Gidahosh alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amejifunika shuka, anachonga mpini. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana hali ya malisho. Mama Mary akaleta kibuyu kama kawaida, akampa Hermani mikononi, akarudi kusimama mlangoni.

Hermani akakishika kile kibuyu. Hakunywa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka kichwani, likabaki moja.

"Baba," akasema, "naomba unigombeze."

Gidahosh akaacha kuchonga. "Niku... nini?"

"Unigombeze. Kama unavyomgombeza Judith. Nimesikia sauti yako kwenye simu yake."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka, akayafuta kwa shuka. Alipopata pumzi akasema, "Sasa nitakugombezaje na wewe uko ndani mwangu, kibuyu changu kiko mkononi mwako? Mgeni niliyempa maziwa nimtie maneno makali juu ya maziwa hayo? Tumbo lake litakuwaje? Na mimi nitakuwa mtu gani?"

"Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuja kukuuliza kabisa, ushauri wangu unauonaje."

"Uliniuliza umeshakunywa! Wewe kila ukija unakunywa kwanza, halafu ndiyo unauliza. Mtu aliyekunywa anajibiwa nini? Anajibiwa mzuri, mzuri, ongeza maziwa."

"Na Judith?"

"Judith amewahi kukanyaga hapa? Siku unazomtuma na karatasi zako, anasimama kule nje karibu na ule mti wa mgunga, anapiga kelele, mzee Gidahosh, hodi, shika mbwa wako! Mtu wa nje ya boma nina neno gani la kumfichia? Mbwa wanambwekea, wakichoka napokea mimi kumbwekea."

Hermani akakitazama kile kibuyu. Akamkumbuka Bernadina na tonge la pili. Akakumbuka nyumba zote alizoingia vizuri, kofia mkononi, na vyote alivyokula kwenye nyumba hizo. Kisha akaweka kibuyu chini taratibu, kimejaa vile vile, akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nje."

Akatoka kwenye boma, akapita lango la miiba, akaenda mpaka kwenye ule mgunga. Ubaya ni kwamba mbwa walimfuata. Badala ya kumbwekea wakamzunguka wakitingisha mikia, mmoja akalala juu ya kiatu chake. Hermani akawafukuza, hawakufukuzika. Akasimama hivyo hivyo na mbwa miguuni, akaita kwa sauti.

"Mzee Gidahosh! Hodi! Leo sijanywa!"

Gidahosh akaja mpaka langoni akiwa na mpini wake. Alikuwa hacheki tena. Akamtazama sana, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

"Unataka kweli?"

"Nataka, baba."

"Haya." Mwanzo sauti ilikuwa ile ndogo, kisha ikapata njia yake, ikapanda. "Wewe Hermani ni mjinga! Ulikaa pale na kalamu yako ukaniambia nipunguze ng'ombe. Nikakubali, ni neno zuri, nyasi zilikuwa haba. Lakini ulichagua wewe! Uza huyu, uza yule, huyu amezeeka, huyu hatoi maziwa mengi. Ulikuwa unawachagua kama viazi! Ukamnyooshea kidole yule mwekundu mwenye uso mweupe. Umeniuliza ni wa nani? Yule alikuja na Mama Mary kutoka kwa baba yake siku niliyomuoa. Yule si wangu mimi! Ni wake na watoto wake. Nikakuambia, huyu mwache. Ukacheka, ukasema, baba, nyasi haziulizi ng'ombe ni wa nani. Na ulikuwa umekunywa! Nikaona aibu kubishana na mgeni kwangu, nikaona aibu kusema hapa kuna ng'ombe nisiyeweza kumuuza. Nikamuuza kama mwizi!"

Mama Mary alikuwa ametoka mlangoni, amekuja kusimama nyuma ya mume wake. Gidahosh hakumwona.

"Tangu siku hiyo huyu mama hanipi maziwa! Mimi mwenye boma nakwenda kunywa kwa mke mdogo kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Na wewe ukija, anakuletea, kwa sababu wewe ni mgeni na yeye ni mtu wa adabu. Unakunywa maziwa ya mtoto wa yule yule ng'ombe uliyemuuza. Halafu unayasifu! Hanang yote hayana mwenzake! Kila ukiyasifu mimi usiku silali. Ndiyo ukaniuliza, ushauri wangu unauonaje. Mbele yake! Ningekwambia nini?"

Akashusha mpini, anahema. Mbwa walikuwa wamesimamisha masikio, hawaelewi wamfukuze nani.

Hermani alikuwa ametamani kitu hiki kwa siku nyingi, na sasa kimefika, akaona kina uzito ambao hakuufikiria. Akavua kofia. Akasema, "Nisamehe, baba. Nisamehe, mama. Sikujua, na sikuuliza." Mama Mary akarudi ndani.

Wakasimama wanaume wawili na mpini na mbwa. Baadaye Hermani akasema, "Pesa ya benki ipo. Tuitoe kiasi, twende mnadani, Mama Mary achague mtamba wake mwenyewe. Yeye achague, si mimi wala wewe."

Gidahosh akafikiri. "Hilo ni neno," akasema. "Ni neno zuri kabisa. Mwambie Judith anitolee hiyo pesa."

"Judith?" Hermani akaruka. "Baba, wazo ni langu!"

"Ni lako. Lakini kesho likiharibika nitamgombeza nani? Kila mara nikutoe nje kama mwizi, nikupigie kelele kwenye mgunga, na wewe mbwa wanakulalia miguuni? Hapana. Wewe umeshakuwa mtu wa ndani. Kazi hii inataka mtu wa nje. Gidahosh anakwenda kwa Judith, wewe Hermani unakuja kunywa maziwa. Imekwisha."

Njiani kurudi hakupiga mluzi. Wivu ulikuwa umepanda naye kwenye pikipiki, umekaa nyuma, umemkumbatia. Ulimwambia, usimwambie Judith lolote kuhusu ng'ombe wa Mama Mary. Atoe pesa tu bila kujua, Gidahosh aende mnadani anunue dume kwa ajili ya zizi lake, Mama Mary akasirike zaidi, halafu tuone huyo mtu wa nje atasema nini. Alipofika mahali ambapo ziwa la Basotu linaonekana kule chini, akasimamisha pikipiki akaliangalia, hajui kwa nini. Kwa kweli alikuwa anajadiliana. Na katika kujadiliana akamkumbuka Mama Mary mlangoni, na yale macho aliyodhani ni heshima. Akawasha pikipiki.

Kesho yake akamwambia Judith yote. Yalimtoka kwa shida, kama jino. Alimwambia kuhusu mwekundu mwenye uso mweupe, na maziwa, na mgunga. Akamwambia, "Kabla hujashauri mtu kuuza ng'ombe, uliza kila mmoja ni wa nani. Na usianze kupenda mbwa."

"Asante, mwalimu."

"Leo usiniite mwalimu."

Judith akamwangalia, akaacha. Akaichukua simu, akampigia Gidahosh, akagombezwa hapo hapo kwamba amechelewa, na Hermani akaangalia dirishani mpaka ilipokwisha.

Siku ya mnada walikwenda wote. Judith alikuwa ameshughulikia benki, pesa akampa Gidahosh, Gidahosh akampa Mama Mary mkononi mbele ya watu. Mama Mary akaifunga kwenye kanga, akaanza kupita katikati ya mitamba, hana haraka. Anashika nundu, anafunua midomo, anatazama mkia, anaacha, anakwenda kwa mwingine. Gidahosh alikuwa anamfuata nyuma kimya kama mkwe mpya. Madalali wakapiga kelele wakachoka.

Hermani alikuwa amejiambia asiseme kitu. Lakini mazoea ni mazoea. Mama Mary alipofika kwa mtamba mmoja mweusi, Hermani akajikuta amesogea. "Huyu mzuri, mama. Ana nyonga pana, huyu atakuwa na maziwa..."

Mama Mary akageuka. Tangu Hermani amjue, mama huyu hakuwahi kumwambia zaidi ya karibu na kwaheri.

"Wewe nyamaza!" akasema, na mnada wote ukasikia. "Wewe wa kuniambia mimi ng'ombe? Mwenye kofia ya sufu kwenye jua hili! Umeuza ng'ombe wa baba yangu kama unauza kiazi, ukaja ukakaa kwangu ukanywa maziwa ya mtoto wake, ukafuta mdomo, ukayasifu! Nilikuwa nakuangalia pale mlangoni nasema, Mungu, huyu hata aibu hana, hata kupaliwa hapaliwi! Na miguu ya nyuma ya mtamba huyu imepinda, huna macho? Ondoka kwenye kivuli changu! Na Jumapili uje, maziwa yapo, lakini ukiyasifu tena nakumwagia!"

Watu wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Gidahosh akaangalia juu kama anatafuta mvua. Na Hermani akasimama pale na kofia mkononi, uso unamwaka, na ndani ya kifua, chini ya aibu, kitu fulani kikafunguka chenye raha kubwa. Akageuka haraka aone kama Judith amesikia.

Judith alikuwa kule mbali karibu na lori, mbali na mbwa wa wachungaji, ameziba sikio moja kwa kidole, na simu iko kwenye sikio la pili. Alikuwa anatingisha kichwa anasema, ndiyo mzee, nisamehe mzee, nimekosa mzee. Hakusikia hata neno.

Hermani akamrudia Mama Mary, akamsogelea kidogo, kwa adabu.

"Mama," akasema, "ngoja Judith amalize simu. Halafu, kama hutajali, hebu anza tena pale pa maziwa."